Benedicto Kiwanuka: Askari Aliyekuja Kuwa Jaji Mkuu

Katika historia ya nchi za Maziwa Makuu, ni wachache waliopata kushika, katika uhai mmoja, bunduki ya askari, mamlaka ya Waziri Mkuu na kalamu ya Jaji Mkuu, na baina ya hayo wakaonja pia maisha ya mahabusu. Mmoja wa hao wachache ni Hayati Benedicto Kagimu Mugumba Kiwanuka wa Uganda. Alichukuliwa kwa nguvu kutoka ofisini mwake katika Mahakama Kuu mjini Kampala tarehe 21 Septemba 1972, na tangu siku hiyo hakurudi tena.

Makala haya yanawaelekea askari wa jeshi na polisi wa hapa Gisenyi, wilayani Rubavu, pamoja na wenzao popote walipo. Maisha ya Kiwanuka yanahusu swali ambalo mwenye silaha hukutana nalo kabla ya watu wengine wote, nalo ni hili: nani ana haki ya kuamua kwamba uhai wa mtu ukome? Je, ni serikali, ni mahakama, au ni yule aliyeshika ufunguo wa chumba cha mahabusu? Katika nchi nyingi serikali na mahakama zimevutana juu ya swali hilo. Nchini Uganda mvutano huo ulimgharimu Jaji Mkuu maisha yake.

KUZALIWA NA UJANA

Kiwanuka alizaliwa tarehe 8 Mei 1922 katika kijiji cha Kisabwa, upande wa Masaka, katika jimbo la Buddu la ufalme wa Buganda. Wazazi wake walikuwa wakulima Wakatoliki. Buddu ndiyo iliyokuwa ngome ya Wakatoliki katika Buganda, na kijana huyo alisomeshwa katika shule za wamisionari. Hakuwa wa ukoo wa machifu wala wa wakubwa wa Mengo, makao ya Kabaka. Jambo hilo linafaa kukumbukwa, kwa maana baadaye wakubwa hao walikuwa wapinzani wake wakali.

Mwaka 1942, vita kuu ya pili ikiwa imepamba moto, aliingia katika jeshi la Waingereza. Alitumikia Kenya, Misri na Palestina. Alipoacha jeshi mwaka 1946 alikuwa amefikia cheo cha sajini meja. Ni dhahiri basi kwamba mtu huyu hakuifahamu kambi kwa kuisoma vitabuni. Alijua maana ya gwaride, ya lindo la usiku, na ya amri itokayo juu.

Aliporudi nyumbani alipata kazi ya ukarani na ukalimani katika Mahakama Kuu. Mkalimani ndiye aliyekuwa kiungo kati ya jaji Mwingereza na raia asiyejua Kiingereza. Mshtakiwa husema kwa lugha ya mama yake, na mkalimani huyachukua maneno hayo na kuyaweka mbele ya jaji. Katika kesi ya mauaji, neno moja likifasiriwa vibaya huweza kumfikisha mtu kwenye kitanzi. Huko ndiko Kiwanuka alikoona kwa karibu jinsi uhai wa mtu unavyopimwa kwa ushahidi na kwa sheria.

Mwaka 1950 alikwenda Basutoland, nchi iitwayo leo Lesotho, kujiongezea elimu katika chuo cha Kikatoliki cha Pius XII huko Roma. Kutoka huko alivuka bahari mpaka London kusoma sheria, akakubaliwa kuwa wakili mwaka 1956. Akarejea Uganda mwaka huohuo na kufungua ofisi ya uwakili.

WAZIRI MKUU WA KWANZA

Siasa ilimpokea bila kuchelewa. Chama cha Democratic Party, kilichoundwa mwaka 1954 na ambacho wafuasi wake wengi walikuwa Wakatoliki, kilimchagua kuwa rais wake mwaka 1958. Kiwanuka alitaka Uganda moja yenye bunge moja. Wakubwa wa Mengo walitaka Buganda ibaki na utawala wake wa pekee chini ya Kabaka. Hapo ndipo alipoanza kuonekana mbele ya wengi wa kabila lake kuwa mtu asiye na heshima kwa kiti cha enzi.

Uchaguzi wa Machi 1961 ulisusiwa na Buganda. Wachache waliothubutu kwenda kupiga kura huko waliwachagua watu wa Kiwanuka, na hivyo chama chake kikapata karibu viti vyote vya Buganda na kuwa na wingi katika bunge. Mnamo Julai 1961 akawa Waziri Kiongozi, na tarehe 1 Machi 1962, Uganda ilipopata serikali ya ndani, akawa Waziri Mkuu wake wa kwanza.

Madaraka hayo hayakudumu. Katika uchaguzi wa Aprili 1962 chama cha Milton Obote, Uganda People's Congress, kiliungana na chama cha Kabaka Yekka. Wabunge wa Buganda safari hii walichaguliwa na Lukiiko, yaani baraza la Kabaka, wala si na wananchi moja kwa moja, na Kiwanuka akakosa hata kiti cha ubunge. Bendera ya uhuru ilipopandishwa tarehe 9 Oktoba 1962, aliyeipokea nchi alikuwa Obote. Kiwanuka alikubali matokeo akarudi kwenye uwakili wake. Hakuingia msituni, wala hakuwaita askari wamrudishe madarakani.

MAHABUSU

Miaka iliyofuata ilikuwa ya misukosuko. Mwaka 1966 Obote aliiweka kando katiba ya uhuru. Tarehe 24 Mei mwaka huohuo jeshi, likiongozwa na Idi Amin, lilishambulia kasri ya Kabaka huko Lubiri, na Kabaka akakimbilia Uingereza. Katiba mpya ya 1967 ilifuta falme. Sheria za kuwaweka watu kizuizini bila kuwafikisha mbele ya hakimu zikawa chombo cha kila siku cha serikali.

Mwaka 1969 Kiwanuka naye akatiwa kizuizini. Desemba ya mwaka huo Obote alipigwa risasi, akajeruhiwa, alipokuwa akitoka katika mkutano wa chama chake. Vyama vya upinzani vikapigwa marufuku. Mtu aliyekuwa Waziri Mkuu sasa alikuwa akihesabiwa asubuhi na jioni pamoja na mahabusu wengine.

Tarehe 25 Januari 1971 Idi Amin alitwaa madaraka kwa nguvu. Katika sababu 18 zilizotangazwa redioni kueleza mapinduzi hayo, mojawapo ilikuwa lawama juu ya kuwafunga watu bila mashtaka. Siku chache baadaye Kiwanuka na wenzake kadhaa waliachiwa huru mbele ya umati uliojaa furaha. Wengi, ndani na nje ya Uganda, waliamini kwamba siku za kizuizini zimekwisha.

JAJI MKUU

Mwishoni mwa Juni 1971 Amin alimteua Kiwanuka kuwa Jaji Mkuu. Alikuwa Mganda wa kwanza kukalia kiti hicho. Wako waliomlaumu kwa kukubali uteuzi kutoka kwa mtawala asiyechaguliwa na mtu yeyote. Lakini mahakama zilikuwapo kabla ya Amin, na raia waliendelea kuzihitaji. Kiwanuka aliamini kwamba sheria ikiachiwa mtu anayeijua, itaweza kuuwekea mipaka mkono wa bunduki.

Ugumu wa kazi hiyo ulionekana mapema. Bunge lilikuwa limevunjwa, na sheria zilitoka kwa njia ya dikrii za Amin mwenyewe. Dikrii moja ya mwaka 1971 iliwapa askari wa jeshi uwezo wa kuwakamata raia, kazi ambayo kwa desturi ni ya polisi. Nyingine ya mwaka 1972 iliikinga serikali isishtakiwe kwa matendo yaliyofanywa kwa kisingizio cha kulinda usalama. Nyingine tena ya mwaka huohuo, iliyohusu watuhumiwa wa unyang'anyi, iliwaruhusu wanausalama kutumia nguvu yoyote waliyoona inafaa kumzuia mtuhumiwa asitoroke.

Mtu aliyedhaniwa kuwa mwizi, ambaye hakimu hajamsikiliza na ambaye huenda hana hatia, aliweza sasa kuuawa barabarani, na aliyemuua akawa na kinga. Uamuzi juu ya mwisho wa uhai ukatolewa mahakamani, ambako kuna ushahidi, utetezi na rufaa, ukatiwa katika kidole cha askari mmoja.

Wakati huohuo lilitokea jambo jingine lililopima nguvu za mahakama. Mnamo Julai 1971 Wamarekani wawili, mmoja mwandishi wa habari na mwingine mwalimu wa chuo kikuu, walipotea mjini Mbarara walipokuwa wakiuliza habari za mauaji katika kambi ya kikosi cha Simba. Jaji David Jeffreys Jones wa Mahakama Kuu alipewa kazi ya kuchunguza. Maofisa wa kikosi walimzungusha na kumficha mashahidi. Mwishowe jaji aliandika kwamba watu hao waliuawa na askari wa kambi hiyo, lakini ilimbidi aondoke Uganda kabla ya taarifa yake kutolewa.

Yafaa wasomaji wetu wajiulize ni mauaji gani yaliyokuwa yakiulizwa huko Mbarara. Waliouawa kambini walikuwa askari. Wengi wa askari wa makabila ya Acholi na Lango, waliodhaniwa kuwa watu wa Obote, waliuawa na wenzao katika mwaka wa kwanza wa utawala wa Amin. Hawakufikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi wala ya kiraia. Sheria ilipoondolewa mlangoni mwa kambi, wa kwanza kukosa kinga walikuwa wenye sare wenyewe.

AMRI YA KUMLETA MAHABUSU

Sheria iliyorithiwa kutoka Uingereza ina kinga moja ya kale inayoitwa kwa Kilatini habeas corpus. Kwa amri hiyo jaji humwagiza yeyote anayemshikilia mtu amlete mahakamani akiwa hai, na aeleze ni kwa sheria ipi anamshikilia. Asipoweza kueleza, mtu huyo huachiwa. Amri hii haiulizi kama mahabusu ni mwema au mbaya, wala kama ni mwananchi au mgeni. Mtu asiyejulikana yuko wapi, wala kwa sababu gani, anaweza kuuawa bila mtu yeyote kujibu, na hatari hiyo ndiyo inayozuiwa na amri hii.

Mapema Septemba 1972 ombi la namna hiyo lilifikishwa mbele ya Kiwanuka. Mfanyabiashara mmoja Mwingereza alikuwa amekamatwa na askari wa jeshi na kuwekwa kizuizini. Wakati wenyewe ulikuwa wa hatari. Mwezi uliotangulia Amin alikuwa ametangaza kuwafukuza Waasia, na magazeti na redio zilijaa maneno makali dhidi ya Uingereza. Jaji mwoga angeweza kuahirisha shauri mpaka lisahaulike. Kiwanuka hakuahirisha. Aliona kwamba kushikiliwa kwa mtu huyo hakukuwa halali, akaamuru aachiwe, na hakulificha jambo lenyewe: jeshi lilikuwa limefanya lisilokuwa na mamlaka nalo.

Hukumu hiyo haikumtetea Mwingereza peke yake. Kama ingesimama, kila mama wa Acholi, wa Buganda au wa Ankole ambaye mwanawe alichukuliwa usiku angeweza kusimama mbele ya jaji na kuuliza yuko wapi. Watawala walilielewa jambo hilo upesi.

SIKU YA 21 SEPTEMBA

Tarehe 17 Septemba 1972 wafuasi wa Obote walivuka mpaka kutoka Tanzania na kushambulia Mbarara na Masaka. Shambulio lilishindwa katika muda mfupi, lakini lilimpa Amin sababu ya kuwasaka wote aliowashuku. Kiwanuka, aliyekuwa kiongozi wa chama na mzaliwa wa Masaka, alikuwa mmoja wa hao.

Asubuhi ya Alhamisi tarehe 21 Septemba, watu wenye silaha waliingia katika jengo la Mahakama Kuu, wakamkamata Jaji Mkuu ofisini mwake, wakamtoa nje mchana kweupe na kumtia garini. Hawakuwa na hati ya kumkamata. Polisi hawakuwafuata. Serikali ilikana kuhusika, ikasema waliomchukua walikuwa maadui wa nchi. Mwili wa Kiwanuka haukupata kukabidhiwa kwa familia yake. Alikuwa na umri wa miaka 50, na aliacha mjane na watoto.

Yeye aliyekuwa na mamlaka ya kuamuru mahabusu yeyote aletwe mbele ya mahakama, hakuna aliyeletewa amri ya namna hiyo kwa ajili yake. Majaji waliobaki walielewa somo walilopewa. Baadhi yao waliikimbia nchi. Mwaka 1973 dikrii nyingine iliziruhusu mahakama za kijeshi kuwahukumu raia, na watu wakapigwa risasi hadharani baada ya kesi za muda mfupi.

Mwaka 1974 Amin, akisukumwa na malalamiko ya dunia, aliunda tume chini ya Jaji Mohamed Saied kuchunguza habari za watu waliopotea tangu Januari 1971. Tume ilisikiliza mashahidi juu ya mamia ya watu, ikaonyesha kwamba mikono ya vyombo vya usalama ilikuwamo katika mengi ya matukio hayo. Hakuna hatua iliyofuata. Utawala wa Amin ulianguka Aprili 1979. Mwaka 1986 iliundwa tume nyingine chini ya Jaji Arthur Oder, nayo ikafukua upya habari za miaka ile. Na tangu 2018 mahakama za Uganda hufanya mhadhara wa kila mwaka wa kumkumbuka Jaji Mkuu huyo.

YALIYOTUFIKA SISI

Msomaji wa Gisenyi hana haja ya kwenda Kampala kutafuta mfano. Asubuhi ya tarehe 7 Aprili 1994, Joseph Kavaruganda, Rais wa Mahakama ya Katiba ya Rwanda, alichukuliwa nyumbani kwake Kigali na askari wa kikosi cha Walinzi wa Rais, akauawa. Chini ya Mapatano ya Arusha ya 1993, viongozi wa mpito walipaswa kuapa mbele ya mahakama yake. Siku hiyohiyo askari walimuua Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana. Jaji wa katiba na kiongozi wa serikali wakaondolewa kwa pamoja, na siku mbili baadaye wengine wakajitwalia serikali. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yakaenea nchi nzima, yakichukua roho za watu zaidi ya milioni moja.

Serikali hiyo iliyojiweka yenyewe ilikimbilia Gitarama, kisha ikaja kujificha katika mji huu wa Gisenyi. Julai 1994 ilivuka mpaka kuingia Goma, na historia yake katika ardhi ya Rwanda ikakomea hapa, kandokando ya Ziwa Kivu. Waliokuwapo waliona askari wakivuka na silaha zao, bila nchi na bila sheria nyuma yao.

Baadaye Rwanda ilichukua njia nyingine kuhusu swali la uhai. Mwaka 1998 watu 22 waliohukumiwa kwa mauaji ya kimbari walipigwa risasi hadharani. Mwaka 2007 sheria ilifuta kabisa adhabu ya kifo. Hapa, tofauti na Uganda ya 1972, wabunge waliichukua kazi hiyo kwa njia ya sheria iliyoandikwa na kutangazwa. Hata jaji, baada ya kusikiliza kila upande, hana tena uwezo wa kuamuru mtu auawe. Na jambo ambalo jaji amekatazwa akiwa mahakamani mchana, askari hawezi kuruhusiwa kulifanya usiku akiwa na mahabusu mikononi.

KAZI YA MWENYE UFUNGUO

Mahakama haina jeshi. Jaji akiandika amri, karatasi hiyo haina nguvu yoyote mpaka afike mtu mwenye sare na kuitii. Mtu huyo mara nyingi si jenerali wala waziri. Ni koplo wa zamu, ni mlinzi wa lango, ni polisi anayeandika jina katika kitabu cha mahabusu. Waliomchukua Kiwanuka walikuwa watu wachache tu. Iliwezekana kwa sababu wengine wengi, waliokuwa na bunduki na waliokuwa na kalamu, waliangalia upande mwingine.

Katika mji wa mpaka kama Gisenyi, ambako maelfu ya watu hupita kila siku kwenda Goma na kurudi, polisi na askari huwashika watu wa kila aina: mfanya magendo, mgeni asiye na hati, kijana anayeshukiwa kuwa na silaha. Wengine huenda ni wahalifu kweli. Kazi ya kwanza ya mwenye ufunguo ni kuandika jina la mtu huyo, saa aliyokamatwa, aliyemkamata na sababu yenyewe. Kazi ya pili ni kumfikisha akiwa mzima mbele ya yule ambaye sheria imempa kazi ya kuamua. Na amri ya mahakama ikija, kazi ya tatu ni kuitekeleza, hata kama mkubwa fulani hakufurahishwa nayo.

Kiwanuka alijua yote hayo kwa sababu alipata kukaa kila upande wa mlango ule: alilinda akiwa askari, alitawala akiwa waziri, alifungwa akiwa mahabusu, na aliamuru akiwa jaji. Uganda ilimwona kuwa hatari pale tu alipodai kwamba mlango huo ufunguliwe kwa sheria. Kila askari anayelitimiza dai hilo leo, kwa mahabusu mmoja asiye na jina kubwa, anailinda nchi yake, na anajilinda yeye mwenyewe kwa siku ambayo huenda akahitaji mtu wa kuuliza yuko wapi.